Kutoka Chale hadi Nembo: Uhakiki wa Alama za Amani Mwilini kwa Kurejelea Nyamugari za Gitega na Muyinga, Burundi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maana na historia ya alama za amani zinazochorwa au kuchanjwa mwilini, kwa kuzingatia Burundi na majirani zake. Alama mbili zinalinganishwa: duara la amani lililobuniwa Uingereza mwaka 1958, ambalo leo huchorwa kwenye ngozi za watu duniani kote, na chale za udugu wa damu, ambazo Warundi na Wanyarwanda huziita kwa kitenzi kunywana na Waswahili huzitaja kwa kitenzi kuchanjiana. Hoja kuu ni kwamba chale ilikuwa alama ya deni kati ya watu wawili mbele ya shahidi, na kwamba alama inapompoteza mdaiwa wake hugeuka pambo au beji ya kundi. Ushahidi unatolewa katika historia ya ukanda huu na katika maneno matatu yaliyoanzia ngozini: nembo, umunywanyi na chanjo. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa washauri wa sera za maridhiano.

1.0 Utangulizi

Jina Nyamugari hupatikana Gitega, katikati ya Burundi, na hupatikana tena Muyinga, kaskazini-mashariki, ambako barabara huteremka kuelekea Kobero na mpaka wa Tanzania. Nchini humo kilima si umbo la ardhi tu. Ni anwani ya mtu, ni kitengo cha utawala, na ndipo majirani wanapojuana kwa jina na kwa ukoo. Gitega ulitangazwa kuwa mji mkuu wa kisiasa mwanzoni mwa mwaka 2019. Muyinga, baada ya mageuzi ya mipaka ya mikoa ya mwaka 2025, umeingia katika mkoa mpya wa Buhumuza. Nyamugari hizo mbili ni wajina, na baina yao iko Karusi.

Karusi ndiko mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilikofukua makaburi ya halaiki karibu na mto Ruvubu, ikatangaza kupatikana kwa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi ya waliozikwa humo walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Ngozi zao hazikuwapo tena. Mjadala wowote kuhusu alama za mwilini katika njia hiyo ya kutoka Gitega kwenda Muyinga hauna budi kuanza na ukweli huo: ngozi ndiyo karatasi ya kwanza kuoza, na kinachoandikwa juu yake hakidumu zaidi ya mwenye ngozi, isipokuwa kuna mtu mwingine anayekikumbuka.

Swali linaloongoza uhakiki huu ni jepesi kuuliza: alama ya amani iliyo mwilini humwahidi nani, na humdai nini? Vitabu na makala nyingi zinazoeleza maana ya michoro ya mwilini hutosheka na kueleza kwamba njiwa ni amani, tawi la mzeituni ni amani, duara lenye mistari ni amani. Maelezo hayo huichukulia alama kama neno la kamusi lenye tafsiri moja. Katika jamii iliyopitia mwaka 1972 na mwaka 1993, tafsiri ya namna hiyo haitoshi.

2.0 Alama Iliyozaliwa Karatasini

Duara la amani lilichorwa Februari 1958 na msanii wa Kiingereza Gerald Holtom kwa ajili ya maandamano ya Pasaka ya mwaka huo, yaliyotoka London kwenda Aldermaston, mahali palipokuwa na kituo cha utafiti wa silaha za nyuklia. Ndani ya duara aliunganisha ishara mbili za mikono zinazotumiwa na wapeperusha bendera melini: ile ya herufi N na ile ya herufi D, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kuondoa silaha za nyuklia. Holtom alieleza pia kwamba aliona humo umbo la mtu aliyekata tamaa, mikono imenyooshwa kuelekea chini. Alama hiyo haikusajiliwa kuwa mali ya mtu. Kila aliyetaka aliichukua. Miaka michache baadaye ilikuwa imevuka Atlantiki na kuingia katika harakati za Marekani za kupinga vita vya Vietnam, na kutoka kwenye mabango ikahamia kwenye mavazi, kwenye shanga na mwishowe kwenye ngozi.

Njiwa naye ana historia ya namna hiyo. Kisa cha Nuhu katika Kitabu cha Mwanzo kilimpa njiwa tawi la mzeituni zamani sana, lakini njiwa wa mabango ya kisasa alipata umaarufu baada ya mchoro wa Pablo Picasso kutumiwa katika kongamano la amani la Paris mwaka 1949. Alama zote mbili, basi, zilianza kama matangazo ya hadhara katika zama za hofu ya bomu. Zilisema na serikali, na kwa sauti ya umati.

Zilipohamia kwenye ngozi zilibadilika. Umati uliondoka, akabaki mtu mmoja. Mchoro wa amani mwilini huchaguliwa na mtu mmoja, huchorwa na fundi anayelipwa, na husomwa na yeyote apitaye. Hakuna haja ya kuudharau. Maumivu ya sindano na uamuzi wa kubeba jambo maisha yote ni dhamana ya aina yake, na kwa wengi mchoro huo ni kumbukumbu ya vita waliyoponea au ndugu waliyempoteza. Hata hivyo, kimuundo hauna upande wa pili. Mwenye mchoro akigombana kesho na jirani yake, hakuna kinachokuwa kimevunjwa, kwa kuwa jirani hakuwamo.

3.0 Chale za Kunywana

Muundo wa udugu wa damu ni kinyume cha huo. Kirundi na Kinyarwanda huuita kunywana, na mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili alielewe neno hilo: ni kitenzi kunywa pamoja na kiambishi -an- cha kutendana. Ni kunyweana. Kiswahili chenyewe kina kuchanjiana, kitenzi kinachobeba kiambishi hichohicho. Sarufi hapa imetangulia falsafa: tendo lenyewe haliwezi kusemwa kwa umoja. Mtu anaweza kujichora, hawezi kujinywana.

Maelezo ya desturi hiyo katika eneo la Rwanda na Burundi yanafanana katika mambo ya msingi. Wawili hukaa wakitazamana. Msimamizi huwachanja, aghalabu tumboni karibu na kitovu, na damu ya kila mmoja humfikia mwenzake pamoja na kinywaji. Msimamizi hutamka masharti: kutosalitiana, kusaidiana wakati wa njaa na vita, kuwahifadhi watoto wa mwenzako. Hutamka pia laana itakayompata atakayevunja. Inayobaki baada ya hapo ni kovu dogo mahali palipofichwa na nguo. Mpita njia halioni na halimhusu. Anayepaswa kulijua analijua, kwa sababu damu yake iko upande wa pili.

Desturi hii haikuishia katika Maziwa Makuu. Aprili 1876 Mirambo, mtawala wa Unyamwezi aliyekuwa tishio kwa misafara ya biashara, alifanya udugu wa damu na Henry Morton Stanley. Stanley mwenyewe anasimulia kwamba aliyesimamia alikuwa Manwa Sera, kiongozi wa watu wa msafara wake: aliwaketisha wakielekeana, akawachanja miguu ya kulia, akabadilishana damu yao na kuwatamkia laana ya kusaliti. Tukio hilo linafaa kusomwa kama mkataba wa kisiasa. Wanaume wawili wenye bunduki, kila mmoja akiwa na sababu ya kumwogopa mwenzake, walihitaji njia ya kupita salama, na lugha waliyokuwa nayo wote ilikuwa ya chale. Mwanahistoria Luise White, katika makala yake ya mwaka 1994 kuhusu udugu wa damu katika Afrika Mashariki na ya Kati, aliwahimiza wasomi wautazame upya uhusiano wa desturi hii na mwili, wasiishie kuiona kuwa ukoo wa kuigiza. Himizo hilo lina uzito hapa. Udugu wa kuzaliwa haumpi mtu uchaguzi. Udugu wa chale hutaka ridhaa ya wawili, na ridhaa hiyo ndiyo inayoufanya uwe tendo la amani.

Neno la Kiswahili amani linaunga mkono usomaji huu. Asili yake ya Kiarabu ni moja na ya amini, imani na amana. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa kwa mtu mwingine ili akitunze. Katika kunywana, kinachowekwa amana ni damu, na mahali pa kuitunzia ni tumbo la yule ambaye jana alikuwa wa kuogopwa.

4.0 Kiapo Kilichosalitiwa

Itakuwa kosa kuipamba desturi hii. Oktoba 1890, Frederick Lugard wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki alifanya udugu wa damu na Waiyaki wa Hinga huko Dagoretti, katika nchi ya Wakikuyu. Hazikupita hata miaka miwili. Watu wa kampuni walipora chakula, ugomvi ukazuka, na mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa na kupelekwa pwani. Hakufika, alifia Kibwezi. Carl Peters naye, katika safari yake ya mwaka 1884 ya kukusanya mikataba kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani, aliutumia udugu wa damu kama kitangulizi cha saini.

Visa hivyo havithibitishi kwamba chale ni ushirikina usio na nguvu. Vinaonyesha mahali nguvu yake ilipokuwa. Laana ya Waiyaki ilifanya kazi miongoni mwa watu waliokuwa na jamii moja ya mashahidi: ukoo, wazee, majirani ambao wangemkataa msaliti, wasimpe mke wala moto. Lugard alikuwa na mashahidi wake London, na hao hawakuitambua damu ya Dagoretti kuwa hati. Pasipo shahidi wa pande zote mbili, kovu lilibaki upande mmoja. Aidha, desturi hii kwa kawaida ilikuwa mali ya wanaume, na mara nyingi ya wenye nafasi. Mjane aliyehitaji amani na jirani anayemmegea shamba hakuwa na chale ya kumkinga. Mapungufu hayo yanapaswa kuwekwa mezani kabla ya kupendekeza lolote.

5.0 Maneno Matatu Yaliyotoka Ngozini

Njia ambayo alama ya mwilini huitumia kugeuka alama ya dola au ya kundi imehifadhiwa na lugha zenyewe. Neno la kwanza ni nembo. Katika kamusi za Kiswahili, maana yake ya awali ni chale au mchoro wa mwilini unaomtambulisha mtu na jamii yake. Wamakonde wana dinembo, neno la jamaa moja na hilo, kwa chale zao mashuhuri za usoni na kiwiliwili. Leo mzungumzaji akisikia nembo hufikiria muhuri wa serikali, barua rasmi, au chapa ya benki. Nembo ya taifa la Burundi ina ngao yenye kichwa cha simba na mikuki mitatu nyuma yake. Amani imo, lakini imo katika bendera: rangi nyeupe, pamoja na nyota tatu zilizowekwa mwaka 1967, ambazo hufasiriwa kuwa umoja, kazi na maendeleo, na pia kuwa Wahutu, Watutsi na Watwa. Bendera ya kwanza ya uhuru ilikuwa na ngoma na mtama. Ngoma iliondolewa ufalme ulipoanguka mwaka 1966. Kwa hiyo alama ya umoja ilibadilishwa na waliotwaa madaraka, na mwananchi wa kilimani hakuombwa ridhaa.

Neno la pili ni umunywanyi. Chimbuko lake ni kunywana: ni yule uliyenywa naye damu, mwenzi wa kiapo. Katika Kirundi cha siasa cha leo, abanywanyi ni wanachama wa chama. Mhakiki hana budi kutua hapa. Neno lililotaja watu wawili waliochanjana ili wasiogopane sasa hutaja umati uliojiandikisha ili ushindane na umati mwingine. Masharti ya zamani ya neno, yaani uaminifu hadi kufa na adhabu kwa msaliti, hayakuachwa nyuma, yalisafiri nalo. Ndiyo maana kuhama chama, katika siasa za namna hiyo, huweza kuonekana kama kuvunja kiapo kuliko kubadili maoni. Historia ya neno haimhukumu mzungumzaji wa leo, lakini humwonyesha mzigo anaoubeba.

Neno la tatu ni chanjo. Nalo limetokana na kuchanja, na limeingia katika utumishi wa dola kupitia kampeni za afya. Limehifadhi, hata hivyo, kitu ambacho nembo imekipoteza: kuchanjwa kwako humkinga jirani yako. Mama wa Muyinga anayempeleka mtoto kuchanjwa surua hafanyi hivyo kwa ajili ya nyumba yake peke yake, hata kama hafikirii hivyo. Kati ya maneno matatu, hili ndilo lililobaki karibu zaidi na maana ya kutendana.

6.0 Mwili Kama Hati ya Hatari

Kuna sababu nyingine ya kutopokea kwa haraka wazo la kuchora amani mwilini nchini Burundi. Hapa mwili umewahi kusomwa, na waliosomwa wakauawa. Utawala wa kikoloni uliwaainisha watu kwa kimo na pua, na baada ya uhuru elimu hiyo ya uongo ikawa silaha mikononi mwa watu waliokuwa wamekua pamoja. Penye kizuizi barabarani, uso ulikuwa hati. Kuongeza alama juu ya mwili uliokwisha kupewa maana kwa nguvu ni kuongeza maandishi kwenye ukurasa ambao wengine walitaka usiwe na maandishi kabisa.

Mfano mkubwa wa amani katika historia ya karibuni ya nchi hiyo ulikuwa wa kukataa alama. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa nchi, wavamizi wenye silaha waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Walikataa, na 40 kati yao waliuawa. Leo hukumbukwa kama mashahidi wa udugu. Hawakuwa na chale, wala nembo iliyowaambia wafanye nini. Walichofanya kilikuwa na muundo uleule wa kunywana: kila mmoja aliuweka uhai wake kwa mwenzake, na hakuurudisha alipotishwa. Kiswahili kina neno moja kwa shahidi aonaye na shahidi afaye. Katika Buta maana hizo mbili zilikutana.

Msimamo wa dini unaongeza uzito. Mambo ya Walawi 19:28 inakataza kuchanja chale na kujichora, na mafundisho ya Kiislamu yanayotegemea hadithi za Mtume yanakataza vilevile. Gitega yenye waumini wengi wa Kikatoliki na Muyinga yenye jamii za Waislamu wazungumzao Kiswahili hazingepokea kwa urahisi kampeni inayotaka ngozi. Sera inayotafuta alama ya pamoja haifai kuanzia mahali ambapo imani za watu zinagongana nayo.

7.0 Maana kwa Sera

Hoja iliyojengwa hapa haidai kwamba chale zirudishwe. Wembe unaopita mwili hadi mwili ni hatari kwa afya, na hilo peke yake linatosha kuifunga milango hiyo. Kinachostahili kurudishwa ni muundo: pande mbili zinazotajwa kwa majina, masharti yanayosemwa waziwazi, shahidi anayetambuliwa na wote, na gharama kwa atakayevunja.

Burundi ina chombo chenye muundo huo. Umushingantahe ni yule ashingaye intahe, fimbo ya haki. Alama ya mamlaka yake hukita ardhini, mahali ambapo ugomvi upo. Na anaposimikwa huapa mbele ya watu wa kilima chake, ambao huwa mashahidi wa mwenendo wake. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, uliosimamiwa kwanza na Julius Nyerere na baada ya kifo chake na Nelson Mandela, ulitaja haja ya kuirejeshea heshima taasisi ya ubushingantahe. Nchini Rwanda, chama cha Unity Club Intwararumuri huwatunuku Abarinzi b'Igihango, yaani walinzi wa kiapo, na igihango ni neno la udugu wa damu. Mpango huo umechagua lugha ya deni, na umewaheshimu watu kwa walilotenda kwa ajili ya wengine. Tahadhari ni ileile: serikali au chama kinapokuwa ndicho kinachotoa heshima, neno linaweza kufuata njia ya umunywanyi.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, fedha za maridhiano zinazotumika kuchapa njiwa na maduara kwenye fulana na kuta zipimwe kwa swali moja: nani amemwahidi nani nini? Kwa mkimbizi aliyerejea kutoka Tanzania kupitia Kobero na kukuta shamba lake likilimwa na mwingine, amani ni mpaka uliokubaliwa mbele ya wazee, wenye majina mawili na tarehe. Karatasi hiyo ina chale nyingi kuliko bango lolote. Pili, mashahidi wawe wa pande zote, na wanawake wawemo kama wenye ahadi na kama mashahidi, kwa kuwa desturi ya zamani iliwaacha nje na migogoro ya ardhi haiwaachi. Tatu, watungaji wa ujumbe wa amani kwa Kirundi na Kiswahili watumie utajiri wa vitenzi vya kutendana ambao lugha hizi zinao. "Tudumishe amani" ni amri isiyo na mtu. Kupatana, kusameheana, kuaminiana na kurudishiana ni vitenzi vinavyomtaka kila mmoja amtafute mwenzake kabla sentensi haijaisha.

8.0 Hitimisho

Duara la Holtom lilitoka kwenye bango likaingia ngozini. Chale za ukanda huu zilitoka ngozini zikaingia kwenye muhuri na kadi ya chama. Safari hizo mbili zinakwenda pande tofauti, lakini zina hasara moja: katika zote mbili mtu wa pili ameachwa njiani. Uhakiki wa alama za amani ambao hauulizi aliko mtu huyo utaishia kwenye orodha ya maumbo na tafsiri zake. Kwa watu wa Nyamugari ya Gitega na wa Nyamugari ya Muyinga, wanaotenganishwa na makaburi ya Karusi na kuunganishwa na jina tu, alama yenye thamani ni ile ambayo ikivunjwa kuna jirani atakayesema, kwa jina, kwamba imevunjwa.